Mto Gucha: Nani mwenye samaki, na nani wa kuulizwa?

MKAZI wa Kisii au Nyamira akitajiwa uvuvi, fikira zake hukimbilia Ziwa Victoria: Homa Bay, Mbita, Muhuru. Samaki kwake ni kitu kinachopandishwa mlimani kwa magari na kumwagwa katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, wala si kitu kinachohusiana na kijito kinachopita chini ya shamba lake. Dhana hiyo ni kweli nusu tu. Mito inayochimbuka katika milima ya Gusii ndiyo inayoleta mafuriko ambayo baadhi ya samaki wa ziwa huyafuata ili wazae, na udongo na taka zinazochukuliwa na mito hiyo huchangia kuamua kitakachonaswa na nyavu huko chini. Kwa hiyo suala la haki ya kuvua, ambalo kwa kawaida huzungumzwa kana kwamba ni ugomvi wa watu wa pwani na wa ziwani peke yao, lina makao yake pia katika vilima vya Kiabonyoru na katika mitaro ya mji wa Kisii.

Makala haya yanaeleza jinsi haki hiyo ilivyo kisheria, mito hiyo ilivyofikia hali yake, na afisi ambazo mwananchi ana haki ya kuzibishia hodi.

Mto Gucha, ambao Waluo huuita Kuja, huanzia nyanda za juu za Kiabonyoru katika Kaunti ya Nyamira. Hupitia Kisii na maeneo ya Ogembo, ukaungana na Mto Migori, kisha ukaingia Ziwa Victoria katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori. Urefu wake ni takriban kilomita 149. Upande wa kaskazini upo Mto Sondu, ambao maji yake hutoka katika misitu ya Mau na kupita mpakani mwa Nyamira kabla ya kuteremka ziwani. Mvua yote inayonyesha Gusii, isipokauka wala kunywewa na mimea, mwisho wake ni Ziwa Victoria.

Samaki anayestahili kutajwa kwanza ni ningu, ambaye wanasayansi humwita Labeo victorianus. Ni samaki wa ziwani lakini uzazi wake ni wa mtoni. Mvua ya masika inapofurisha mito, ningu huacha ziwa, hupanda dhidi ya mkondo na kutaga mayai katika nyasi zilizofunikwa na maji kandokando ya mto. Mafuriko yakipungua, hurejea ziwani, na vifaranga huwafuata. Fwani, ambaye kitaalamu ni Labeobarbus altianalis, naye hupanda mito. Samaki wa aina hii anahitaji mambo matatu kwa wakati mmoja: mto unaofurika kwa msimu wake, maji yasiyojaa tope, na njia isiyozibwa. Kukosekana kwa moja tu kunatosha kuharibu kizazi cha mwaka mzima.

Tabia hiyo ya kusafiri kwa makundi na kwa msimu unaojulikana ilimfanya ningu awe riziki ya uhakika kwa jamii za kando ya mito ya magharibi mwa Kenya. Walijenga vizuizi vya miti na matete kuvuka mto, wakaacha mianya na kuitega mitego ya kusuka. Mbinu hizo zilivua, lakini hazikuvua wote. Mambo yalibadilika pale nyavu za kisasa, zilizoingia ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, zilipoanza kutandazwa kwenye midomo ya mito na kuwanasa samaki wenye mayai kabla hawajapanda. Mwingereza Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alipendekeza nyavu zenye matundu chini ya inchi tano zipigwe marufuku. Ushauri wake ulikuja kupuuzwa hatua kwa hatua. Kufikia mwaka 1965 mtafiti D. A. Cadwalladr alikuwa akiandika kuhusu kudorora kwa uvuvi wa ningu na jinsi mbinu za kienyeji za Mto Nzoia zilivyofifia pamoja naye. Baadaye alikuja mbuta, samaki mla samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatapakaa kupita kiasi katika miaka ya 1980. Leo shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemworodhesha ningu miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Katika Mto Gucha safari ya samaki wanaopanda hukomea kwenye maporomoko ya Gogo, ambako bwawa dogo la umeme lilijengwa katika miaka ya 1950. Linazalisha takriban megawati mbili tu. Katika Mto Sondu upo mtambo wa Sondu-Miriu wenye uwezo wa megawati 60, ambao huchepusha maji ya mto kupitia handaki. Kwa hiyo ni kosa kumtwisha mkulima wa Nyamira lawama zote. Hata hivyo, huko chini ya Gogo ndiko maji ya Gusii yanakofika yakiwa na rangi ya udongo wa Gusii.

Wakisii na samaki

Wakisii hawajulikani kwa uvuvi. Simulizi zao, ambazo mwanahistoria William Ochieng' alizichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu historia ya Wagusii kabla ya ukoloni, zinasema walitoka upande wa Mlima Elgon, wakakaa nyanda za karibu na Ziwa Victoria, kisha wakapanda milimani walikopata mvua nyingi na usalama. Wakawa wakulima na wafugaji. Samaki, ambaye kwa Ekegusii ni enswe, walimpata zaidi kwa kubadilishana na majirani zao Waluo: nafaka na vyuma viliteremka, mifugo, vyungu na samaki vikapanda. Biashara hiyo haijakoma. Kilichobadilika ni kwamba fedha imechukua nafasi ya wimbi.

Lakini kutokuwa wavuvi si sawa na kutokuwa na utaratibu wa mto. Kabla ya ardhi kupimwa na kupewa hati, chemchemi na malisho ya mabondeni yalitumiwa kwa pamoja na jamaa wa ukoo, na ugomvi ulipozuka ulipelekwa mbele ya wazee wa baraza la etureti. Kazi kubwa zilifanywa kwa risaga, yaani ushirika wa majirani. Wakati ardhi ilipopimwa na kusajiliwa katika miaka ya 1960, mashamba mengi yaligawanywa kwa vipande virefu vyembamba vinavyoanzia kileleni mwa kilima na kuishia mtoni. Ugawaji huo ulikuwa na haki yake, kwa kuwa kila mtu alipata udongo wa juu, wa kati na wa bondeni. Matokeo yake lakini ni kwamba mto ambao ulikuwa wa ukoo ulijikuta ukipakana na mamia ya wenye hati, kila mmoja akiamini kwamba shamba lake linaishia pale maji yanapoanzia.

Msongamano wa watu ulikamilisha kazi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba moja, kiwango kinachopatikana katika maeneo machache sana ya mashambani barani Afrika. Baba akigawa ekari mbili kwa wana wanne, mwana wa mwisho hupewa kipande cha bondeni. Kumwambia huyo aache mita sita za ukingo bila kulima ni kumwambia aache sehemu kubwa ya urithi wake.

Sheria yasemaje

Je, kuna kabila lenye haki ya kuvua katika Ziwa Victoria au katika Mto Gucha kuliko jingine? Jibu fupi ni la. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema mito, maziwa na maji mengine yaliyofafanuliwa na sheria ni ardhi ya umma. Sheria ya Maji ya 2016 inaongeza kwamba rasilimali za maji zinashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya. Kanuni za mwaka 2007 zilizounda kamati za usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, zilitoa nafasi kwa watu wanaotegemea ufuo kwa kazi zao, wala hazikuuliza lugha ya mama. Mkisii anayemiliki mashua Karungu na Mluo anayeuza omena Nyamira wanasimama mahali pamoja mbele ya sheria. Kinachotokea ufuoni wakati wa kampeni za uchaguzi ni habari nyingine.

Hata hivyo, sheria ya Kenya haikatai kuwepo kwa haki za jadi za kuvua. Mnamo Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua kesi iliyowasilishwa na Mohamed Ali Baadi na wenzake kuhusu ujenzi wa bandari ya Lamu chini ya mradi wa LAPSSET. Majaji walikubali kwamba haki za jadi za uvuvi za wakazi zilikuwa zimekiukwa, na wakaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban Sh1.76 bilioni. Mahakama pia ilitaja kutoshirikishwa kwa wananchi na kwa serikali ya Kaunti ya Lamu katika mradi huo. Fundisho la kesi hiyo kwa watu wa Nyatike ni hili: mvuvi mdogo anayetumia maji ya umma si mpita njia asiye na chake. Akiharibiwa mahali anapovua, ana la kudai.

Kuna mfano mwingine, wa mbali zaidi, unaogusa moja kwa moja uhusiano wa mlimani na ziwani. Katika jimbo la Washington, Marekani, makabila ya wenyeji yalitia sahihi mikataba na serikali mwaka 1854 na 1855, yakaachia ardhi lakini yakabakisha haki ya kuvua katika sehemu zao za kale. Haki hiyo ilidharauliwa kwa zaidi ya karne moja, hadi Februari 12, 1974 Jaji George Boldt alipoamua kwamba makabila hayo yanastahili kupata nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini samaki aina ya salmoni waliendelea kupungua, kwa sababu wao pia hupanda mito kuzaa na njia zao zilikuwa zimezibwa na makalvati yaliyojengwa chini ya barabara za jimbo. Makabila yakarudi mahakamani yakiuliza: nusu ya samaki wasiokuwepo ni ngapi? Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wakiwa wamegawanyika wanne kwa wanne, iliacha uamuzi wa mahakama ya chini usimame, na jimbo likalazimika kuyarekebisha makalvati hayo.

Kenya haina mikataba ya namna hiyo na makabila, na haifai kujidanganya kwamba Gucha ni Washington. Lakini swali lililoulizwa kule ndilo linalopaswa kuulizwa huku. Haki ya kuvua inahesabiwa mdomoni mwa mto, ilhali uhai wa samaki huamuliwa kilomita nyingi juu yake, na watu ambao hawajawahi kushika wavu.

Mikaratusi, matofali na majitaka

Atakayepanda kutoka Kisii kuelekea Keroka au Nyamira ataona mabonde yaliyojaa mikaratusi. Mti huo hukua haraka, haudai palizi, na soko lake liko tayari: nguzo za umeme, mbao za ujenzi na kuni za viwanda vya majani chai, ambavyo ni vingi katika kaunti hizi mbili. Kwa mwenye kipande cha bondeni kisichofaa mahindi kwa sababu ya unyevu, mkaratusi ni akiba ya karo. Shida ni kwamba mti huo hunywa maji mengi, na ukipandwa kwenye kinamasi hukikausha. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye kingo za mito na maeneo ya chemchemi. Tangu hapo agizo hilo limerudiwa na maafisa mbalimbali kwa nyakati mbalimbali. Agizo linalorudiwa mara nyingi ni ushahidi tosha kwamba halikutekelezwa mara ya kwanza.

Kinaya ni kwamba Ibara ya 69 ya Katiba inaitaka serikali ijitahidi kufikisha angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi iwe na miti, na mkaratusi, hata ukiwa umesimama katikati ya chemchemi, huhesabiwa kuwa mti. Mianzi imekuwa ikipendekezwa kama mbadala wa kingo za mito, kwani mizizi yake hushika udongo na yenyewe huvunwa bila kung'olewa. Lakini mkulima hupanda anachoweza kuuza, na soko la mianzi halijaifikia hata robo ya njia ya soko la kuni.

Kinamasi cha Sironga katika Kaunti ya Nyamira ni kielelezo kizuri cha yote haya. Sehemu zake zimechimbiwa mitaro ili zilimwe, nyingine zimepandwa mikaratusi, na nyingine zimegeuzwa machimbo ya udongo wa matofali. Kinamasi hufanya kazi ya sifongo: hufyonza mvua na kuiachilia polepole, na hunasa tope kabla halijaingia mtoni. Kikikaushwa, mto hufurika ghafla mvua inaponyesha na kukonda upesi inapokatika. Wakazi wa Nyatike, ambao wamefurikiwa na Mto Kuja mara kwa mara, mwaka 2020 na 2024 ikiwemo, hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Mjini hali ni tofauti, na hapo lawama haimwendei mkulima. Mto Nyakomisaro unaopita katikati ya mji wa Kisii hupokea takataka za masoko, maji ya kuoshea magari na majitaka ya nyumba zisizounganishwa na mabomba. Maji hayo huingia Mto Riana, ambao pia hupokea maji kutoka vidimbwi vya kusafishia majitaka vya Suneka, na hatimaye humiminika Gucha. Jaa la taka la Nyambera limelalamikiwa na majirani zake kwa miaka mingi. Huko mashambani, viwanda vya ushirika vya kumenya kahawa navyo vilijengwa karibu na mito kwa sababu vilihitaji maji, na maji yenye maganda ya kahawa yakirudishwa mtoni bila kusafishwa hula hewa ambayo samaki wangeivuta.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ziliweka ulinzi wa ukingo kuwa sawa na upana wa mto, usiopungua mita sita wala kuzidi mita 30 kila upande, kuanzia kimo cha juu kabisa cha mafuriko. Kanuni hizohizo zilitaka kila anayemwaga maji machafu mtoni awe na leseni na akidhi viwango. Huo ulikuwa wajibu wa kila mtu, mabaraza ya miji yakiwemo.

Vidimbwi vya serikali

Katika mwaka wa fedha wa 2009/2010, serikali ya muungano ilianzisha mpango wa kufufua uchumi, na sehemu yake moja ilikuwa ufugaji wa samaki. Sh1.12 bilioni zilitengwa ili vichimbwe vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita mraba 300. Gusii, yenye mvua ya kutosha na udongo unaoshika maji, ilifaa sana. Vijana walilipwa kuchimba, vifaranga vya ngege na kambare vikagawanywa, na wengi waliowahi kumla samaki siku ya soko tu wakaanza kumfuga.

Fikira yenyewe haikuwa mpya. Katika miaka ya 1960 pia wakulima wa Nyanza na Magharibi walihimizwa kuchimba vidimbwi, wakachimba kwa maelfu, vingi vikaachwa vikaota magugu. Awamu ya 2009 ilikumbana na mambo yaleyale: chakula cha samaki cha bei ghali, uhaba wa vifaranga bora, na maafisa wa kilimo cha samaki wachache mno. Mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi, huduma za uvuvi zilikabidhiwa kwao, na kidimbwi kilichochimbwa kwa fedha za Nairobi kikawa mzigo wa kaunti ambayo haikushiriki kukipanga. Wapo waliofaulu, tena vizuri. Lakini ni vigumu kumwonyesha mlipa ushuru hesabu kamili ya vidimbwi vilivyopo na vilivyokauka, na hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mpango huo kuliko hata magugu.

Mwaka 2018 ulizinduliwa mpango mwingine wa ufugaji wa samaki kibiashara, ABDP, unaofadhiliwa na hazina ya kimataifa ya maendeleo ya kilimo, IFAD. Kisii ilikuwa miongoni mwa kaunti 15 zilizoteuliwa. Nyamira, ambako Gucha huanzia, haikuwamo.

Jambo moja linalotia moyo liko Kegati, nje kidogo ya mji wa Kisii. Hapo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina kituo cha ufugaji wa samaki, na watafiti wake wamefanya majaribio ya kuwazalisha ningu na fwani kwenye matangi. Iwapo samaki hao wanaweza kuzalishwa mlimani, vifaranga vyaweza kuuzwa kwa wafugaji au kurudishwa mitoni. Lakini kurudisha vifaranga katika mto wenye majitaka ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu, na watafiti hawana mamlaka juu ya mabomba ya mji.

Nani aulizwe nini

Mwananchi anayelalamikia mto huzungushwa kwa sababu mgawanyo wa kazi una mafundo. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kitaifa jukumu la kulinda mazingira na maliasili, uvuvi ukitajwa kwa jina, pamoja na ulinzi wa maji. Jedwali hilohilo linazipa kaunti huduma za kilimo zikiwemo za uvuvi, uzoaji na utupaji wa taka, mitaro ya maji ya mvua, maji na usafi, na utekelezaji wa sera za kitaifa kuhusu uhifadhi wa udongo, maji na misitu. Kwa lugha nyepesi: Nairobi hutunga sera na kutoa leseni, kaunti huzoa taka. Jaa la taka likimwagikia mtoni, anayelimiliki ni kaunti, na anayepaswa kuiwajibisha kaunti ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Ni dola kuishtaki dola, na wote tunajua kasi ya kesi za namna hiyo.

Kabla ya Machi 2013 mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa namna moja: Baraza la Manispaa ya Kisii na mabaraza mengine yalifanya kazi chini ya Wizara ya Serikali za Mitaa, na diwani aliyeulizwa kuhusu majitaka aliweza kusema fedha ziko Nairobi. Udhuru huo umepungua nguvu. Gavana huchaguliwa kwa kura, bunge la kaunti hupitisha bajeti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchapisha ripoti ya kila kaunti kila mwaka. Ripoti hizo ni za umma. Anayezisoma huweza kuona fedha zilizotengewa mazingira na maji, na kiasi kilichotumika.

Mpaka wa Kisii na Nyamira umeleta tatizo lake. Mji wa Keroka uko mpakani, na kaunti hizo mbili zimezozana kwa miaka mingi kuhusu ni nani mwenye haki ya kutoza ushuru humo. Inashangaza kwamba pande zote mbili hugombea ushuru wa soko, lakini haijasikika kaunti iliyokwenda mahakamani kugombea takataka za soko hilo. Kampuni ya maji ya Gusii nayo iliundwa kuhudumia miji ya kaunti zote mbili. Pendekezo la bwawa la Bonyunyu huko Nyamira, lililonuiwa kuipa maji miji ya Kisii, Keroka na Nyamira, lilipingwa na baadhi ya wakazi waliohofia kupoteza mashamba bila fidia ya haki. Uwe upande upi, hilo lilidhihirisha kwamba mwenye shamba la bondeni hukumbukwa tu pale maji yake yanapohitajika.

Migori, ambayo hupokea kila kinachoachiliwa, haina kiti katika bunge la Kisii wala la Nyamira. Kaunti zote tatu ni wanachama wa muungano wa kiuchumi wa kaunti za eneo la ziwa, wenye kaunti 14, na Sheria ya Maji ya 2016 inaruhusu kamati za mabonde ya mito na vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambavyo huwakutanisha wakulima wa kijito kimoja. Vyama hivyo ndivyo vilivyofanya kazi nyingi ya kuotesha miche na kushawishi majirani wang'oe mikaratusi kwa hiari. Udhaifu wao ni fedha: vingi hufufuka mradi unapokuja na kulala unapoisha.

Kwa anayetaka kuchukua hatua, njia zipo. Kamati ya mazingira ya kaunti, iliyowekwa na marekebisho ya sheria ya mazingira ya mwaka 2015, ina nafasi za wawakilishi wa wananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kwa maana hiyo mvuvi wa Nyatike anaweza kuishtaki afisi iliyoko Kisii, na mwalimu wa Nyamira asiyekula samaki anaweza kufanya vivyo hivyo. Ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi Kisii, na nyingine Nyamira.

Iliyo rahisi kuliko zote, na inayotumiwa kwa nadra, ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua moja yatosha. Mwombaji halazimiki kueleza sababu, na afisi husika ina siku 21 kujibu. Anaweza kuuliza kama vidimbwi vya Suneka vina leseni ya kumwaga maji kwa mwaka huu, vipimo vya mwisho vya maji ya Mto Riana vilichukuliwa lini na vilionyesha nini, na ni vidimbwi vingapi vya samaki ambavyo kaunti inavihesabu kuwa hai. Akinyimwa jibu, rufaa hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.